Shimo Ambalo Wasichana Hawakuliona

Ugomvi ulianzia kwenye uji. Ipyana alisema ameshuka Shimo mara tatu, Tusajigwe akasema Shimo halipo, na kabla Sekela Mwasomola hajaweka birika mezani watoto wote wawili walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika kijiko kama fimbo.

"Mama, mwambie aache uongo," alisema Tusajigwe. Alikuwa na miaka tisa na hakupenda kushindwa.

"Siyo uongo! Mamdogo, si unakaa kwenye kigari, unafungwa mkanda, halafu chini panafunguka? Unashuka gizani mpaka kwenye moto wa mlima. Siyo moto wa kweli, lakini joto lake unalisikia usoni."

Ipyana alikuwa mtoto wa dada yake Sekela, amekuja Mbeya kwa likizo kutoka Tukuyu. Alimtazama mama yake mdogo kwa macho ya mtu anayesubiri shahidi wake aongee.

"Nimekwenda Kimulimuli mara tano," Tusajigwe alisema. "Suma kaenda, Kissa kaenda. Wasichana wa darasa zima tumeulizana, hakuna aliyeliona. Wavulana mmekaa mkatunga, sasa mnaona aibu kusema."

"Mamdogo, wewe si unafanya kazi palepale? Mwambie!"

Sekela aliweka birika chini taratibu. Shimo alilijua tangu lilipokuwa michoro. Alikuwepo siku wachimbaji walipogonga jiwe la kwanza.

"Lipo," alisema.

Tusajigwe alishusha kijiko. "Liko wapi?"

"Ukilipita bwawa la bata, mkono wa kulia."

"Mkono wa kulia pana ukuta wa maua."

"Siyo ukuta, mwanangu. Ni lango."

"Mbona kwangu halijawahi kufunguka?"

Kwa swali hilo Sekela alikuwa na jibu, lile analowapa wazazi wanaokuja ofisini: Mlezi anamjua kila mtoto, anamfungulia atakachokipenda. Safari hii hakulitoa. Akamimina chai, akanywa funda moja, akaiacha, akachukua koti lake na kutoka bila kuaga vizuri.

*

Viwanja vya Kimulimuli vilikuwa juu ya mji, kwenye mteremko wa mlima, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Havikuwa na vibao wala ramani. Kila mtoto aliyeingia alivaa bangili, na bangili ilisikiliza mapigo ya moyo, jasho, pumzi na sauti. Habari hizo zilikwenda kwa Mlezi, mtambo uliokaa kwenye jengo dogo la matofali nyuma ya geti kuu, na Mlezi aliwasha taa ndogondogo ardhini kwa rangi ya bangili ya mtoto. Mtoto alifuata taa zake. Alipofika kwenye ua wa maua, ua ulijikunja, na mchezo ukawa mbele yake. Ua ambao haukuwa wake ulibaki kuwa ua.

Michezo ilikuwa arobaini na mmoja. Kwa siku moja mtoto alionyeshwa minane au tisa, na akarudi nyumbani akiamini ameona yote. Wazazi walipenda. Matangazo yalisema kwamba Kimulimuli hakuna mtoto anayelia, na kwa miaka mitatu jambo hilo lilikuwa karibu kweli.

Tena Mlezi hakuambiwa nani ni msichana na nani ni mvulana. Sekela mwenyewe, kama mhandisi mkuu, ndiye aliyeifuta safu ya jinsia kwenye kumbukumbu siku ya kwanza kabisa. Alijivunia jambo hilo. Jumamosi hii wakaguzi wangekuja kuthibitisha kwamba Kimulimuli inawahudumia watoto wote sawa, na yeye ndiye angesaini cheti. Cheti kikipita, Mlezi angepelekwa katika shule za msingi za mkoa mzima mwezi Januari, akawaongoze watoto kwenye masomo na vikundi vinavyowafaa.

Hakwenda ofisini. Alikwenda moja kwa moja Shimoni.

Anyitike, mwendeshaji wa Shimo, alikuwa anapaka mafuta minyororo. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, asiyependa maneno mengi.

"Kaka Anyitike, wasichana wangapi wameshuka hapa mwaka huu?"

Alijifuta mikono kwa kitambaa, akafikiri. "Wawili. Mmoja alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume, tulicheka naye sana. Mwingine alikuwa bubu."

"Wawili kati ya wangapi?"

"Bi Sekela, watoto wanaoshuka hapa kwa mwaka ni maelfu."

"Na hukusema?"

"Nilidhani ndivyo mlivyopanga huko juu." Alisema bila kumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. "Hata wavulana wadogo wenye visauti vyembamba hawaletwi. Nikasema, basi, hawa wataalamu wana sababu zao."

Sauti nzito, na bubu. Sekela alishuka mteremko karibu akikimbia.

*

Mlezi hakuzaliwa akijua raha wala hofu. Alifundishwa. Mwaka ule kabla ya kufunguliwa rasmi, watoto wa majaribio walipandishwa kwenye michezo yote wakiwa wamevaa bangili, wakapigwa picha za video. Video zilikatwa vipande vya sekunde sita sita. Watu wanne walikaa chumbani miezi miwili wakitazama vipande elfu kumi na moja, na kwa kila kimoja wakabonyeza kimoja kati ya vitufe viwili: raha, au hofu. Mlezi alilinganisha majibu yao na mapigo ya moyo na sauti, akajifunza kuona kama wao.

Sekela alikuwa mmoja wa wale wanne.

Alifungua kumbukumbu, akatafuta vipande vya Shimo vilivyopita mkononi mwake. Mvulana anapiga kelele, mdomo wazi, macho yametoka. Raha. Msichana anapiga kelele, mdomo wazi, macho yametoka. Hofu. Mvulana ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Raha. Msichana ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Hofu. Alibonyeza kingine, na kingine. Alisimama, akazunguka kiti, akakaa tena. Mapigo ya moyo yalikuwa yaleyale. Jasho lilelile. Kitu kimoja tu kilitofautiana, nacho ni wembamba wa sauti, na Mlezi, ambaye hakuambiwa nani ni nani, alikuwa ameushika huo huo wembamba na kuufanya sheria.

Hakukumbuka kuwa na nia mbaya. Alikumbuka chumba kilikuwa na baridi, na kwamba kila msichana alipopiga kelele, yeye mwenyewe alikunja mabega.

Kisha akafanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya wakati ule: alitafuta video nzima, kabla haijakatwa. Msichana wa sweta la njano. Kwenye kipande cha sekunde sita analia kwa nguvu, kitufe kimesema hofu. Sekela aliiacha video iendelee. Kigari kilifika juu, mkanda ukafunguliwa, na msichana wa sweta la njano akaruka chini, akakimbia mpaka nyuma ya foleni na kuanza kuwasukuma wenzake wasogee.

Alitazama kumi na tisa. Saba walitoka wakitetemeka kweli, wakitafuta mama zao. Kumi na wawili walirudi kwenye foleni. Kwa kutazama zile sekunde sita peke yake, hakuweza kujua hata mmoja atakwenda upande gani.

*

Mkurugenzi, Mzee Kyaruzi, alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza. Alikuwa mtu aliyejenga Kimulimuli kwa miaka kumi na miwili, na alipojibu hakupandisha sauti.

"Mama Tusa, unakumbuka wiki ya kwanza ya majaribio, kabla ya Mlezi?"

"Nakumbuka."

"Yule binti wa miaka minane. Baba yake alisema, mpandishe, ajikaze. Mimi ndiye niliyemfunga mkanda, kwa mikono hii. Alikaa siku arobaini hajasema neno. Kila Jumapili nilikwenda kwao, nakaa sebuleni, namwangalia ananiangalia." Aligeuza viganja vyake juu, akavitazama. "Mlezi tulimtengeneza kwa sababu ya yule. Sasa unataka nifungue lango."

"Wako kumi na wawili kwa kila saba, Mzee."

"Mimi naulizia hao saba."

"Na wale wengine? Wanakua hawajui hata kama kitu kipo. Binti yangu anamwita mwenzake mwongo. Januari Mlezi anaingia shuleni. Msichana atashtuka kidogo kwenye hesabu, moyo ukienda mbio, Mlezi atamwondoa. Na hatajua kwamba ameondolewa. Ataona maua."

Mzee Kyaruzi alisogeza karatasi ya cheti upande wa Sekela. "Saini Jumamosi. Januari ni mbali, tutarekebisha polepole, na mimi nitakusaidia. Ukikataa, watakuja watu wengine na mtambo mwingine ambao hata huo ukuta wa maua hauna."

Alikuwa anasema kweli, au alikuwa anaamini kwamba ni kweli. Sekela aliichukua karatasi kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

*

Alhamisi viwanja vilikuwa vimefungwa kwa usafi. Sekela alimpeleka Tusajigwe. Njiani, ndani ya gari la kamba linalopanda mlimani, alimweleza kila kitu kama anavyoweza kuelezwa mtoto, kisha akamuuliza.

"Unataka kushuka? Ukisema hutaki, tunarudi, tunakwenda kula chipsi."

"Nataka."

"Unaweza kuogopa."

"Mama, umeniuliza na nimekujibu."

Anyitike alimfunga mkanda, akaukagua mara mbili. Sekela aliingia kwenye kibanda cha uendeshaji. Alikuwa ameizima sehemu ya Mlezi inayosimamisha kigari kipimo cha hofu kikifika tisini, ila skrini aliiacha iwake. Kitufe chekundu cha kusimamisha kilikuwa chini ya kiganja chake.

Chini ya kigari pakafunguka.

Kelele ya mtoto wake ilipanda kutoka gizani, nyembamba, ndefu, isiyokatika. Namba kwenye skrini zilikimbia. Hofu sabini. Hofu themanini na tano. Hofu tisini na nne.

"Hiyo ni sauti ya anayefurahi," Anyitike alisema.

"Umejuaje?"

"Sijui nimejuaje. Nazisikia kila siku."

Kelele ilibadilika, ikawa kama neno. Mama, au siyo. Sekela alikuwa mhandisi, alikuwa amezitazama video kumi na tisa, alikuwa ameapa moyoni kwamba hatagusa kitu. Mkono wake ulibonyeza.

Kigari kilisimama katikati ya shimo. Kukawa kimya kabisa, halafu kilio kikaanza, kidogo, cha chini, cha mtoto aliyebaki peke yake mahali asipopajua. Kukipandisha kulichukua dakika nne. Sekela alizihesabu zote.

Tusajigwe alitoka mashavu yamelowa. Mama yake alimkumbatia, naye akajitoa.

"Nani amesimamisha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani unaogopa."

"Nilikuwa naogopa!" Mtoto alipiga mguu chini kwa hasira. "Nilikuwa naogopa vizuri! Nilikuwa nakuita uone, nilikuwa nimeanza kuuona moto! Ulivyosimamisha ndiyo nikaogopa vibaya."

Anyitike aligeuka upande wa pili, akajifanya anatafuta kitambaa chake.

Kwenye skrini Mlezi alikuwa ameshaandika taarifa yake. Mtoto: hofu. Kilio: ndiyo. Pendekezo: lango liendelee kufungwa. Sekela aliisoma mara tatu. Kila neno lilikuwa sahihi, na kilio kile alikuwa amekileta yeye.

*

Jumamosi ukungu uliondoka mapema. Watoto mia tatu na kumi na wawili walikuwa ndani wakati wakaguzi watatu walipofika, na Mzee Kyaruzi aliwatembeza akiwa amevaa suti ya kijivu. Kabla ya saa nne Sekela alimvuta pembeni.

"Sitasaini, Mzee."

"Atasaini mwingine."

"Najua. Ndiyo maana saa nne nafungua malango yote. Taa zote nazima. Nataka waone watoto watakwenda wapi wenyewe."

Mzee Kyaruzi aliutazama ufunguo wa jengo la Mlezi mkononi mwa Sekela. Angeweza kuita walinzi. Angeweza kumnyang'anya ufunguo palepale, kwa kuwa Sekela hakuuficha.

"Mtoto akiumia?"

"Ni juu yangu."

"Hapana," alisema Mzee kwa sauti ya chini. "Hilo neno halitoshi. Mimi nilishalisema." Kisha akageuka, akawarudia wakaguzi wake, na hakumzuia.

Sekela alipiga simu kwenye kila mchezo. Kwa Anyitike alisema, "Muulize kila mtoto. Mwambie akitaka kusimama anyooshe mkono, na wewe usimamishe ukiuona mkono kwenye kamera, si ukisikia sauti." Halafu akaingia kwenye jengo la matofali na kuzima taa.

Mlimani kote kuta za maua zilijikunja kwa pamoja.

Jambo la kwanza lilikuwa kwamba hakuna aliyesogea. Watoto walisimama katikati ya njia wakitazama ardhi, wakisubiri rangi zao. Mmoja alitikisa bangili yake, akaiweka sikioni. Wazazi walianza kuitana. Sekela alitoka nje akaona umati mzima umeduwaa, na kwa dakika moja ndefu aliamini kwamba ameharibu kila kitu.

Kisha msichana mmoja mnene mwenye miwani akanyoosha kidole kuelekea bwawa la bata. "Kile ni nini?" Hakungoja jibu. Wengine wakamfuata. Wavulana wawili, wakubwa kiasi, walisimama mlangoni pa jiko la mikate wakisukumana, kila mmoja akitaka mwenzake aingie kwanza, mpaka mwishowe wakaingia pamoja wakiwa wameinamisha vichwa. Mvulana mdogo alikuwa ameshakaa kwenye zahanati ya watoto bandia, amembeba mmoja mgongoni kama anavyofanyiwa yeye nyumbani. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, aliacha kuandika.

Shimoni foleni ilipinda mpaka bwawani. Kelele zilipanda na kushuka, nyembamba na nene, na Sekela alisimama pale asiweze kutulia, akihamisha uzito mguu huu na ule. Wa kwanza alitoka anacheka. Wa pili alitoka anacheka. Wa tatu alitapika kwenye maua, akafuta mdomo, akauliza kama anaruhusiwa tena.

Wa kumi na nne alikuwa msichana wa miaka kama saba, mwenye gauni la bluu. Hakunyoosha mkono. Baadaye alisema aliogopa kuunyoosha kwa sababu wenzake walikuwa wanamwangalia. Kigari kilipofika juu alikuwa amejikojolea, na macho yake hayakumtazama mtu yeyote. Hakulia. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kulia.

Sekela ndiye aliyemfungua mkanda. Alimbeba, akamfunika kwa koti lake, akawa anamsugua mgongo. Baba wa mtoto alikuja akikimbia.

"Nani amempandisha mwanangu kwenye kitu hiki? Kimulimuli mnasema hakuna mtoto anayelia! Nani amefungua?"

"Mimi," alisema Sekela.

"Wewe nani?"

"Sekela Mwasomola. Mhandisi mkuu. Malango nimefungua mimi, na sheria iliyokuwa inayafunga niliiweka mimi pia."

Baba alikuwa na hasira ambayo haikujua iende wapi kwanza. Akamchukua mtoto mikononi mwake, na mtoto akamng'ang'ania shingoni, na kutoka hapo shingoni ikasikika sauti ndogo: "Nyumbani." Baba akafumba macho kwa nafuu.

Mzee Kyaruzi alikuwa amesimama hatua chache, uso wake umekuwa wa kijivu kama suti. Hakumtazama Sekela. Alimtazama mtoto, kisha akamfuata baba, akamwomba namba ya nyumba na siku anayoweza kuwatembelea.

Mama mkaguzi alisogea. "Cheti hiki sisi hatukipokei leo, kiwe kimesainiwa au hakijasainiwa. Na shuleni huu mtambo hauingii mpaka mtueleze kilichokuwa kinafanyika hapa." Akaitazama foleni. "Sasa hao mnawafanya nini?"

Kwenye foleni walibaki zaidi ya hamsini. Walikuwa wameona yote. Anyitike alikuwa ameshika wenzo wa kuteremshia kigari, hajauvuta, anamtazama Sekela. Kigari kilikuwa tupu, kimeshafutwa.

Sekela angeweza kusema funga. Mkono wake ulishaanza kuinuka. Aliurudisha chini, akaubana kwa mkono wa pili.

"Waulize," alisema. "Mmoja mmoja. Polepole."

Aliyekuwa mbele alikuwa msichana wa nywele fupi, miaka kumi au kumi na moja. Anyitike aliinama mpaka macho yao yakalingana. "Umemwona mwenzako. Unataka kushuka?"

Msichana aligeuka, akamfuata kwa macho yule baba aliyekuwa anateremka mlima na gauni la bluu begani. Alimtazama mpaka wakapotea nyuma ya bwawa. Kisha akatikisa kichwa, akatoka kwenye foleni, akaenda kukaa kwenye nyasi.

Aliyekuwa nyuma yake alisogea hatua moja mbele.

"Na wewe?"

"Mimi nataka," alisema, na akaanza kujifunga mkanda mwenyewe, ukamponyoka mara mbili, mpaka ukaingia.